Simu Chumbani kwa Baba Mkwe

Niseme wazi mapema: sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Uyole ni mimi. Wengine wanaimba, nawaheshimu, lakini ule mstari wa kuimba peke yangu kwenye wimbo wa mashindano nilipewa mimi, na nusura ninyang'anywe kwa sababu ya simu.

Mwalimu wetu wa kwaya, mama mkali asiyecheka na mtu mazoezini, alikuwa anatutumia rekodi za sauti kwenye kundi la kwaya. Sasa baridi ya Mbeya mwezi wa sita mnaijua. Ukishakula unajifunika blanketi mbili, na simu unaingia nayo humo humo. Nilianza kwa kusikiliza mstari wangu. Nikimaliza naangalia kwaya nyingine zinavyoimba, halafu sare zao, halafu harusi ya watu wa Songea nisiowajua. Mume wangu anakoroma, mimi macho makavu. Na moyoni nilijisifu kwamba nafanya mazoezi.

Asiyelala pumzi yake huwa fupi. Jumamosi moja asubuhi nilifika kwenye noti ya juu, ile ya kushikilia mpaka besi waingie, nikakatika katikati. Tukarudia, nikakatika tena. Mwalimu akatazama macho yangu yalivyokuwa mekundu.

"Dada, usiku unafanya nini badala ya kulala?"

Nikainamia karatasi ya wimbo.

"Jumamosi ijayo ukikatika, mstari nampa mwenzako."

Mwenzangu huyo alikuwa pembeni yangu, na tayari alishaanza kusafisha koo. Nilichukia mpaka masikio yakapata moto. Mashindano yenyewe yalikuwa Iringa, nyumbani kwetu, na mama yangu alishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ndiye atakayesimama mbele. Nikajifiche mstari wa nyuma huku mama ananitafuta kwa macho? Bora nisipande basi kabisa.

Nikaificha simu chini ya godoro, mkono ukaifuata. Nikaiweka kabatini, kisha jikoni, nikaamka kuifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Ndipo nikamkumbuka baba mkwe.

Mimi ni Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Baba wa mume wangu anaishi nasi, na alilelewa Rungwe kwa taratibu za zamani, kwamba mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani usoni. Siku hizi wengi wameziacha, lakini mzee amezishika, nami namheshimu. Akipita uani nageukia ukuta. Akiwa na neno kwangu anampa mume wangu, hata kama nipo pale pale nasikia, na jibu langu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Chumbani kwake sijawahi kukanyaga. Nyumba nzima, ni pale tu ambapo mkono wangu usingefika.

Tulipomaliza kula nikampa mume wangu simu. "Mpelekee baba. Asiitoe mpaka asubuhi."

Alicheka, lakini akaenda. Nikamsikia mzee kutoka ndani: "Mwambie mama watoto nimepokea. Na akituma mtu kuidai, simpi."

Usiku ule niliteseka, sitadanganya. Vidole vilikuwa vinapapasa blanketi vyenyewe. Mara simu ikalia kule kwa mzee, nikatamani kubomoa ukuta. Kumbe alikuwa mwalimu wa kwaya. Mzee akapokea na kumjibu taratibu kabisa, "Mwimbaji amelala." Sikuwa nimelala, lakini baada ya kusikia hivyo nililala.

Wiki ile nililala kama mtoto aliyeshiba. Jumamosi noti niliishika, besi wakaingia, nikaendelea kuishika kwa kiburi tu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, na kwa mama yule hiyo ni sherehe. Koo la mwenzangu halikuhitaji kusafishwa tena.

Iringa tulikwenda na mzee, yeye kiti cha mbele ya basi, mimi nyuma kabisa. Ukumbini alichukua kiti cha mwisho, akakigeuza, akakaa ameelekea ukuta. Watu wakadhani amesusa. Mama yangu alikuwa safu ya mbele na kitenge chake kipya. Nikasogea mbele, nikavuta pumzi, na sauti ikatoka yote niliyokuwa nayo. Nilisikia furaha mpaka kwenye nyayo. Tulipotangazwa wa kwanza, mwalimu wetu alicheka, tena kwa sauti, na sisi wanakwaya tukabaki tunamshangaa yeye badala ya kombe.

Nje, nilipokuwa bado nimekumbatiwa na mama, nilisikia sauti ya mzee upande wa pili wa basi, akiongea na mume wangu.

"Mwambie mama watoto, nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, na leo ndiyo nimemwona."

Mume wangu akazunguka basi, akasimama mbele yangu kusubiri jibu la kumpelekea baba yake. Nilikuwa nalia.