Mama Sachiko Alisimama Getini

Wacha nianze na ile ya aibu, ili ukitaka kucheka ucheke mapema tuendelee. Nilimkimbia mama wa miaka sitini na tisa, mchana wa jua kali, nikiwa mzima wa afya. Niliacha kandambili moja barabarani, na suruali yangu, kusema ukweli, haikufika kavu. Mama mwenyewe hakuwa na kisu wala hakuwa na mbwa. Alikuwa anapunga mkono tu. Na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa mbio.

Haya, umecheka? Sasa nisikilize, kwa sababu hii sijaibuni. Ilinitokea mimi mwenyewe, Doha, mwezi wa Agosti. Na sikuwa nimelewa. Chumba chetu kule Industrial Area tulikuwa watu wanane, na kitu kikali kuliko vyote mle ndani kilikuwa chai ya tangawizi ya Barasa. Barasa ni rafiki yangu wa kitanda cha chini, mtu wa Bungoma, dereva wa basi la kampuni. Ananiita shemeji ingawa sina dada.

Mimi nilikuwa mlinzi. Kazi yangu ilikuwa kufungua geti na kufunga geti kwenye kompaundi moja huko Al Wukair, nyumba kama ishirini hivi, nyingi zikikaliwa na Wajapani, wahandisi na familia zao. Sasa hao Wajapani wana mbio zao wenyewe kila msimu wa baridi. Timu ni watu sita. Kila mmoja anakimbia kipande chake, kisha anavua kitambaa kirefu alichovaa begani anamkabidhi mwenzake, naye anavaa anaendelea. Timu ya kompaundi yetu ilikuwa inashika mkia kila mwaka. Siku moja wakaniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Nikuambie, nyuso zao ziliwaka kama stima imerudi.

Kumbuka mimi ni mtu wa Mumias. Kwetu mbio ni mbili tu: kumkimbiza ng'ombe aliyeingia kwenye miwa ya wenyewe, na kukimbizwa na mwenye miwa. Wale mnaowaona kwenye runinga wanatoka kwingine kabisa. Lakini ningewaambiaje? Watu wazima, wenye digrii zao, wananiinamia na kuniita "Sensei", yaani mwalimu. Mimi, niliyeacha shule katikati ya kidato cha pili, niliyeitwa na walimu majina yote isipokuwa langu. Nikasema ndiyo, nakimbia. Nikaongeza kwamba mjomba wangu pia anakimbia. Mungu anisamehe, mjomba hana hata magoti mazuri.

Basi kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, alfajiri kabla jua halijakasirika, nikawa nawafundisha. Usiku natazama video kwa simu chini ya blanketi, asubuhi nazitoa kama zangu. Mabega chini. Pumua na tumbo. Kimbia kama mtu aliyesikia bomba linafungwa na ndoo yake bado tupu. Ajabu ni kwamba walianza kukimbia vizuri. Mimi nilikuwa nabaki nyuma na filimbi, nasema naangalia mwendo wao.

Mama Sachiko alikuwa mama yake mhandisi wa nyumba namba saba. Mwili mdogo, koti la michezo la buluu, hatua kama kuku anayevuka matope. Hata kwenye timu hakuwemo. Alitaka tu kuwa mwanafunzi. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, chake hakikuwepo. Tukikwama, mkwe wake, Yumi, anatutafsiria. Yumi asipokuwepo, tunacheka.

Ijumaa ya kwanza alinipa bonge la wali lililozungushiwa kitu cheusi. Nikadhani ni karatasi. Nikaibandua kwa adabu, nikaikunja vizuri, nikaanza kutafuta pipa la taka. Kumbe ni mwani, unaliwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Tangu siku hiyo nikawa naubandua makusudi. Miaka miwili nimebandua mwani ili mama wa watu acheke, na miaka miwili alicheka kama ni mara ya kwanza. Kwani mimi hapo nilikuwa na mtu mwingine wa kumchekesha? Barasa ananichekesha yeye.

Sasa shika hapa, maana kisa chote kiko hapa.

Nikimaliza zamu nilikuwa natembea kutoka getini hadi kwenye kona yenye bakala, ndivyo tunavyoita kiduka kule, kungoja basi. Ni hatua kama mia mbili. Jioni ya kwanza baada ya mazoezi kuanza, Mama Sachiko alitoka nami mpaka nje ya geti, akasimama, akaanza kunipungia. Natembea, nageuka, bado yupo. Natembea, nageuka, bado anapunga. Nikaanza kujipapasa mifukoni. Nimebeba nini cha watu? Ikabidi nirudi.

Yumi akaitwa, akanieleza. Kwao, mtu akiondoka, anayebaki hatoki pale mpaka mgeni apotee machoni. Na mgeni akifika kona anageuka mara moja, anapunga, ndipo mwenyeji anaingia ndani.

"Na nisipogeuka je?" nikauliza.

Yumi akamuuliza mama mkwe. Mama Sachiko akanitazama vile walimu walivyokuwa wananitazama zamani.

"Anauliza," Yumi akasema, "sasa yeye ataingia saa ngapi?"

Basi. Miaka miwili, kila jioni, nafika kona, nageuka, napunga. Yeye anainama kidogo, anaingia. Wenzangu kwenye basi walikuwa wananicheka. "Shemeji ameagana na bibi yake," Barasa anapaza sauti, "sasa tunaweza kwenda?"

Halafu mkataba wangu ukaisha. Siku ya mwisho wakanifanyia sherehe pale kwenye nyasi zao za plastiki. Wakanivisha kile kitambaa cha begani, wameandika majina yao yote juu yake. Nilitaka kutoa hotuba, nikatoa kamasi. Mama Sachiko alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi. Yumi alifungua mdomo atafsiri, akashindwa, akaangalia pembeni. Mpaka leo sijui niliambiwa nini.

Nikaondoka. Na sikugeuka.

Acha nijitetee kidogo. Siku ninatoka nyumbani kuja Qatar, mama yangu alinisimamisha mlangoni akaniambia: ukishashika safari, usigeuke nyuma, safari itakatika. Nilikuwa nimesahau chaja mezani na nikaiacha hivyo hivyo. Zile jioni nyingine nilikuwa nageuka kwa sababu kesho nilikuwa narudi, kwangu ile haikuwa safari. Lakini siku ile ilikuwa safari kweli, ya kwenda kwetu. Nilipofika kona shingo ilitaka, miguu ikakataa. Na tena uso wangu ulikuwa umeharibika kwa machozi, sikutaka abaki na hiyo picha. Nikapanda basi. Nikajiambia ataelewa. Kwa lugha gani, sijui.

Tiketi ya kampuni ikachelewa. Nikakaa kambini siku tisa bila kazi, nahesabu mizunguko ya feni. Siku ya tisa nikiwa nafua suruali, nikashika kitu kigumu mfukoni: ufunguo wa kibanda cha walinzi. Barasa alikuwa anapeleka watu wa zamu ya mchana upande ule.

"Panda urudishe mali ya watu," akaniambia. "Usije ukakamatwa na tiketi mkononi, shemeji, hata mimi nitakukana."

Akanishusha konani, akaendelea. Angenipitia akirudi.

Ilikuwa saa saba ya mchana. Kama hujaiona saa saba ya Agosti kule, huwezi kuielewa. Hakuna ndege, hakuna paka, lami inalegea chini ya mguu. Watu wote wako ndani kwenye AC. Na pale getini, juani, nikaliona koti la buluu.

Nilifurahi, niamini. Nilifurahi kama mtoto. Alikuwa amesimama pale pale pake, mkono umeinuka usawa wa sikio, anapunga ule upungaji wake mdogo. Nikapunga na mimi huku naenda mbio mbio kwake, nacheka, najiandaa kumwonyesha ufunguo tuone nani atacheka zaidi.

Kadiri nilivyokaribia, nikaanza kuona vitu. Koti la baridi limefungwa zipu mpaka shingoni, na usoni hana hata tone la jasho. Miguuni ana zile slipa zao za ndani ya nyumba, ambazo hawatoki nazo nje hata nyumba ikishika moto. Na hanitazami. Anatazama kona.

"Mama Sachiko," nikasema. "Ni mimi. Nimerudi."

Akaendelea kupunga.

Nikasimama mbele yake kabisa, mimi hapa, yeye pale. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa kando, taratibu, kama mtu aliyezibiwa runinga, ili aone kona nyuma yangu. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa na subira tu. Nikamsikia akisema, polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Sensei."

Nikaushika ule mkono. Nilitaka kuushusha, apumzike, nimwambie mama, jua kali, ingia ndani. Ulikuwa baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka kwenye AC, hapana. Ile ya soda iliyosahaulika chini kabisa ya friji. Na ulikuwa mwepesi, hauna uzito hata kidogo, na ukaendelea kupunga ndani ya kiganja changu.

Hapo ndipo nilipokimbia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikimbia vile walivyodhani Wakenya wote wanakimbia. Kandambili moja ikabaki, nikakanyaga lami kwa mguu mtupu na sikusikia moto. Nilifika kona. Na hapo ndipo panaponiua, kwa hiyo nisikilize vizuri: nilifika kona, yeye yuko kule nyuma anangoja kitu kimoja tu, na mimi nikaipita kona ile bila kugeuka. Mara ya pili.

Nikaangukia ndani ya bakala. Mwenye duka, mzee Mhindi wa Kerala aliyeniuzia mikate miaka miwili, alinikalisha juu ya kreti na kunipa maji.

"Mama Japani," nikamwambia, nikionyesha nje. "Mama Japani yuko getini."

Akatikisa kichwa. "Mama Japani khalas, rafiki," akasema. Khalas ni imekwisha. Akaweka viganja viwili chini ya shavu, kuonyesha mtu aliyelala.

Akanieleza kwa Kiingereza chake cha dukani. Siku niliyoondoka, mama alisimama pale getini mpaka adhana ya magharibi. Mkwe wake akatoka mara mbili kumwita, akakataa. Mwishowe wakamshika mkono wakamwingiza. Kesho yake akatoka tena, na kesho kutwa yake. Siku ya nne hakuamka. Wameshampeleka kwao na ndege.

"Alikuwa anangoja nani?" mzee akaniuliza.

Nikainua maji nikanywa. Ungejibu nini wewe?

Barasa alinikuta pale kretini, mguu umefura malengelenge, ufunguo bado mkononi. Nilitaka nirudi getini. Nakuapia nilitaka. Nilisimama mlangoni mwa bakala kwa mguu mmoja kama korongo, na sikuweza kuutoa nje. Jioni ile ile ofisi ikapiga simu: tiketi imepatikana, ndege ni alfajiri, kaa tayari.

Sasa niko Mumias. Kovu liko chini ya mguu wa kushoto, ukitaka kuliona njoo nitakuonyesha bila malipo. Kiganja changu cha kulia, ikifika saa saba mchana jua likiwa kali, kinapoa. Mke wangu amekishika, amekiona, ameacha kuuliza. Na siwezi tena kutoka nyumbani kwa mtu bila kugeuka kwenye kona. Hata nikitumwa kununua chumvi nageuka, napunga, watoto wa jirani wananiigiza. Wacha waigize. Wakala wa visa wa Nairobi ananiuliza nataka kurudi Doha kwa kazi gani, nami nashindwa kusema: nataka kutembea hatua mia mbili tu, kisha nigeuke.

Kwa hiyo wewe unayesoma, fuata mila zako zote, sikukatazi, na mama yako mheshimu. Lakini mtu akitoka nje kukusindikiza kwa macho, geuka. Uso ukiwa na kamasi, geuka hivyo hivyo. Usimwache mtu wa watu amesimama juani hajui aingie saa ngapi.

La Barasa nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo gumu. Usiku ule wa kufunga mizigo nilimweleza yote, nikitegemea atanicheka, maana hajawahi kukosa. Hakucheka. Alikaa kwenye kitanda chake cha chini, akakunja kile kitambaa cha majina nilichokuwa nimeshindwa kukikunja, akakiweka ndani ya begi.

"Mimi nina miaka minane hapa," akasema. "Siku nikiondoka, watamlaza mtu mwingine kwenye hili godoro kabla halijapoa. Hakuna mtu wa kutoka hata mlangoni. Wewe umepata mtu mmoja, shemeji, katika nchi nzima. Amekufa na bado anakusindikiza. Na wewe ukamkimbia."