Jina Langu Bahari

Mimi naitwa Bahari, na nilizaliwa Mwanda, juu milimani, mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ukungu.

Baba alikuwa mpishi Mombasa, kwenye nyumba iliyo karibu na ufuo, nami nilizaliwa akiwa huko, miaka michache baada ya uhuru. Alituma barua, Mama akaisoma, akanipeleka kanisani.

"Bahari ni mtakatifu wa wapi?" padre akauliza.

"Wa Mombasa, Padre. Babake mtoto yuko huko."

Padre alicheka, akaniongezea jina la mtakatifu anayejulikana. Hakuna aliyewahi kuniita hilo.

Nilipoingia sekondari Voi, jina likanipanda kichwani. Wenzangu wa bweni waliitwa majina ya nyanya zao. Langu lilikuwa kubwa kuliko wilaya nzima. Niliwaambia nimezaliwa mchangani kabisa, mawimbi yakimgusa Mama miguu, na kwamba naogelea kama samaki. Kuogelea kwenyewe nilikuwa nimekuona kwenye picha ya kalenda.

Kidato cha tatu, mwalimu wetu wa jiografia akatangaza safari ya Mombasa. "Bahari atatuongoza," akasema. "Ndiye mwenyeji."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekiri. Mimi niliitikia kwa kichwa, kwa madaha.

Tulifika maji yakiwa yamejaa. Wasichana thelathini wakasimama mchangani wakinisubiri. Nikaingia na sketi yangu ya shule, kifua mbele, hadi magotini. Wimbi likaja, dogo tu, lile ambalo watoto wa huko hulichezea. Likanipiga, nikaketi. La pili likaniingia mdomoni. Nikainuka na kutimua mbio kuelekea basi huku nikipiga kelele, "Wametia chumvi! Wametia chumvi!"

Na swali la chumvi ya bahari nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani muhula uliopita, nikapata alama zote.

Mwalimu alinifunika kwa leso yake ya kujitanda. "Pole, mwenyeji," akaniambia, akigeuza uso ili nisimwone anavyocheka. Wenzangu hawakujisumbua kugeuza nyuso.

Likizo ilipofika nilimkuta Baba shambani akipalilia mahindi. Alikuwa ameshaacha kazi ya upishi. Hata sikumsalimia vizuri.

"Baba, kwa nini ulinipa jina hili?"

"Mimi?"

"Si uliandika kwenye barua?"

Akaweka jembe chini. Alianza kucheka polepole, kisha akacheka hadi akakaa kwenye tuta.

"Mwanangu, mama yako aliniandikia kwamba mtoto halali, analia kutwa kucha. Na mimi kule chumbani kwangu nasikia mawimbi hayanyamazi hata dakika moja. Nikamjibu, 'Basi huyo ni bahari.' Nilikuwa nafanya mzaha! Kurudi Krismasi, nakuta umeshabatizwa."

"Na wewe ulitaka niitwe nani?"

"Jina la mama yangu. Hajanisamehe mpaka leo."

Nilimfuata Mama jikoni kumweleza. Hata hakuacha kukoroga sufuria. "Barua ni barua," akasema. "Ilisema huyo ni bahari."

Miaka michache baadaye nikaenda Voi kuchukua kitambulisho changu. Karani alikuwa ameandika *Bahati*.

"Si Bahati," nikamwambia. "Ni Bahari."

"Kwenu ni wapi?"

"Mwanda."

"Kule mlimani? Bahati inakufaa zaidi, dada. Ni herufi moja tu."

Alisema kweli, nami nilikuwa na kila sababu ya kukubali. Lakini nilihisi uchungu, kama mtu anayetukaniwa mzazi. Nikaomba fomu mpya, nikarudi nyuma ya foleni, ambayo ilikuwa imetoka mlangoni na kufika juani. Jua la Voi halina huruma. Nilisimama hadi saa tisa, midomo imekauka, nikijiona shujaa.

Zamu yangu ilipofika, karani akanisukumia kalamu. "Haya, andika mwenyewe."

Nikaandika kwa herufi kubwa, njaa ikiniharakisha. Akaisoma, akanitazama.

"Baari?"

Nilikuwa nimeruka H. Ikabidi nichukue fomu ya tatu.