Usukani wa Mzee Gurdial

Wawira alikuwa fundi wa kompyuta, na fundi mzuri, hilo hata waliomwonea kijicho walikubali. Alizaliwa Keringet kwenye shamba la viazi la mama yake, akaja Nakuru kusomea kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa, akabaki. Alipofika thelathini alikuwa na chumba chake cha kazi ghorofani, nyuma ya soko, na tabia moja iliyokuja kumponza: hakuweza kumpa mteja habari mbaya. Mtu akimletea kompyuta iliyokufa kabisa, Wawira angesema, "Wacha nijaribu," hali anajua hakuna cha kujaribu. Watu walimpenda kwa hilo, maana watu nao hupenda kuambiwa wanachotaka.

Kila Alhamisi saa nane mchana alifunga chumba chake akaenda kwa Mzee Gurdial Singh. Mzee huyu alikuwa ameuza spea za trekta miaka arobaini, lakini ukimuuliza kazi yake angekwambia yeye ni rubani. Wala hakuwa anadanganya. Ujana wake wote alirusha ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, kuanzia Njoro mpaka Mau Narok, akishuka chini hata magurudumu yakawa karibu kugusa masuke. Kisha daktari akamnyima cheti cha kurusha kwa sababu ya moyo, ndege ikauzwa, mkewe akafariki. Binti yake wa pekee, Rupinder, alikuwa ameolewa Uingereza. Ndani ya nyumba ile kubwa akabaki yeye na mpishi, na pikapu nyeupe uani.

Rupinder ndiye aliyemletea programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Ole wako uiite mchezo mbele ya mzee. Ilikuja na usukani kama wa ndege ya kweli, wa kuvuta kifuani na kusukuma mbele, ukabanwa kwenye meza ya chumba cha wageni, na kando yake kisanduku chenye leva tatu.

Hapo sasa ndipo kazi ya Wawira ilipokuwa. Ndege hazifanani. Ile ya injini moja, leva ya kwanza ni nguvu ya injini, ya pili ni pangaboi, ya tatu ni mafuta. Ukihamia ya injini mbili, leva mbili za kwanza zote zinakuwa za nguvu, kila injini na yake, na ile ya tatu inabeba mafuta ya injini zote. Ukitaka lile dege kubwa la abiria, mafuta huyagusi kabisa. Leva ya tatu unaipa kazi ya kuteremsha vibawa vya kupunguza mwendo wakati wa kutua. Usipobadilisha setingi, unasukuma leva ukitafuta nguvu, kumbe umeizima injini angani. Macho ya mzee hayakuweza kusoma maandishi madogo ya setingi, basi Wawira alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akipanga, mzee amesimama nyuma yake mikono mgongoni.

"Umeweka sawa, fundi?"

"Nimeweka sawa, Mzee."

"Ile ya jana ilikuwa inavuta kushoto."

"Hiyo nimetoa. Kaa ujaribu."

Angekaa, kilemba kimekazwa sawasawa kana kwamba abiria wanamtazama, naye angeruka kutoka Nakuru, apite juu ya ziwa, atue Nairobi. Akitua vizuri alimwita mpishi alete chai ya maziwa na vitu vya pilipili, wakala kwa furaha. Wawira alimpenda mzee huyu. Baba yake mwenyewe alikufa Wawira angali mdogo, na hakuwahi kumsimamia nyuma akamuuliza kama ameweka sawa.

Mwezi wa tisa, mwaka wa elfu mbili na saba, ndege zikaanza kuyumba. Mzee aliilaumu programu. Wawira alikagua waya, akakagua usukani wenyewe, akauzungusha mpaka mwisho kulia na kushoto ili kompyuta iupime upya. Usukani ulikuwa mzima. Ndipo alipoitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka, ule mtetemeko mdogo usiokoma, wa kulia zaidi, na kila ulivyotetemeka ndege nayo ikatikisika. Mzee akamkazia macho, akasubiri kuambiwa ni waya.

"Ni setingi, Mzee," Wawira akasema. "Nipe dakika kumi."

Katika programu ile kuna sehemu ambapo unaweza kuiambia kompyuta ipuuze misogeo midogo ya usukani. Imewekwa kwa ajili ya usukani mkuukuu uliolegea. Wawira mwenyewe aliiita uziwi. Ukiongeza uziwi kidogo, usukani hausikii kitu mpaka uuzungushe kwa nguvu. Akaongeza. Akapunguza na ukali wa leva, ili mkono ukiruka injini isiruke nao. Mzee akakaa, akaruka, akatua laini kabisa.

"Unaona?" akasema mzee, na uso ukamng'aa. "Mimi nilijua si mimi."

Wawira alikunywa chai yake. Alijiambia amefanya wema, na ukimuuliza siku ile angekuapia. Alhamisi iliyofuata akaongeza uziwi tena kidogo, na iliyofuata tena. Kwa kila ndege aliweka kiasi chake: kidogo kwa ile ya injini moja, kikubwa kwa dege la abiria.

Mwezi wa kumi na moja Rupinder akaja nyumbani kwa sherehe za Diwali. Siku ya pili tu aliona kikombe kinavyogonga kisahani mkononi mwa baba yake, akataka funguo za pikapu. Mzee akakataa kata kata. Pikapu ndiyo iliyompeleka hekaluni, ndiyo iliyompeleka Njoro kuangalia ngano za watu wengine. Bila pikapu angekuwa amefungwa ndani ya nyumba yake. Wakazozana siku mbili, mpaka mzee mwenyewe akatoa shauri: atazitua ndege tatu mbele ya binti yake, ya injini moja, ya injini mbili, na dege. Akiangusha hata moja, funguo achukue.

"Na Wawira ataweka mitambo," mzee akasema. "Huyu fundi hana upande."

Wawira akaketi mbele ya kioo kupanga leva. Rupinder alikuwa nyuma yake safari hii, harufu ya manukato yake karibu kabisa. Kilikuwa kitendo cha sekunde tatu kuurudisha uziwi kwenye sifuri, na mzee angeangusha ndege ya kwanza kabla haijavuka reli. Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Wawira akamwona mzee kwenye kioo cha kompyuta, anafuta miwani kwa ncha ya shati, ametulia, anamwamini. Akaacha setingi zilivyo.

Mzee alizitua zote tatu. Rupinder akacheka huku analia, akambusu baba yake shavuni, akamwachia funguo, akarudi kwake.

Kisha kikaja kile kilichokuja. Uchaguzi, matokeo, na moshi. Siku ya mwaka mpya mama yake Wawira alikimbia Keringet na leso mbili na sufuria, nyumba inaungua nyuma yake, akafika Molo akalala uwanjani mwa kanisa pamoja na mamia ya watu. Alikuwa na miaka sitini na nne na kifua kibaya, na baridi ya Molo haina huruma na mtu. Alipiga simu mara moja kwa simu ya kuazima. "Nakohoa damu," akasema, kisha kredo ikaisha, na wakati ule kredo hazikupatikana madukani kwa bei yoyote.

Magari ya abiria yalikuwa yamesimama. Barabarani vijana walikuwa wameweka mawe, wanauliza watu vitambulisho, na jina likiwa la kabila baya kwao hupiti. Wawira alikwenda kituo cha polisi, akaenda kwa watu wa malori, akarudi mikono mitupu. Alhamisi ile akajikuta mlangoni kwa Mzee Gurdial, si kwa kazi, kwa kuwa tu ni Alhamisi na miguu ilizoea. Akamweleza, akalia.

Mzee aliingia ndani akatoka na koti na funguo.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mzee, hapana."

"Mimi Mhindi mzee na pikapu ya spea. Hii barabara wananijua tangu wazazi wao. Nani atasumbuana na mimi? Wewe ndiyo huwezi kuja, wakiona kitambulisho yako tumekwisha wote. Baki hapa na mpishi."

"Ni mbali, Mzee."

"Mbali gani? Mimi natua dege," akasema. Akanyoosha mikono mbele yake amwonyeshe. Ilikuwa inatetemeka wazi, kila mtu mwenye macho angeona, lakini yeye hakuiona. Alikuwa na ushahidi mwingine.

Haya, na hapa usimhukumu haraka, maana wewe mama yako hakuwa kwenye baridi ile. Neno lilikuwa mdomoni mwa Wawira. Mzee, usiendeshe, mikono yako ni mibovu, mimi ndiye niliyekuficha hilo. Lingemvunja, lakini angekaa. Wawira alimfikiria mama yake anakohoa kwenye nyasi zenye umande. Akataja jina la mama yake na rangi ya leso, akamshukuru, akamfungulia geti.

Kwenda alifika salama. Vijana walimsimamisha mara mbili, wakamcheka, wakamwachia. Alimpata yule mama karibu na kisima cha kanisa, akamfunika koti lake, akampakia mbele. Shida ilikuwa kurudi. Kwenye mteremko, kabla ya kufika Salgaa, kulikuwa na trela limeharibika pembeni, nyuma limeingia barabarani nusu mita. Dereva yeyote angelikwepa kwa kusogeza usukani kidogo tu. Pikapu ililigonga kwa mbele. Mzee Gurdial alifariki pale pale. Mama yake Wawira akavunjika mkono.

Rupinder alikuja kuuchoma mwili wa baba yake, kama ilivyo desturi yao. Siku ya nne akamwita Wawira aje kufungua mitambo, kwa sababu hakuweza kuutazama ule usukani mezani. Walikuwa wawili tu chumbani. Wawira alikuwa anafungua vibanio aliposikia Rupinder anazungumza nyuma yake, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Nakuru.

"Ni mimi nilimuua. Niliona kikombe kinagonga. Niliona, Wawira, na nikamwachia funguo kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Silali."

Wawira akaweka bisibisi chini. Mara hii hakusema wacha nijaribu. Aliwasha kompyuta, akafungua setingi za ndege ya kwanza, akamwonyesha, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akamweleza kila kiasi kinafanya nini na alikiweka lini. Akamweleza pia kuhusu siku ya safari ya Molo na lile neno lililobaki mdomoni. Alisema yote bila kugeuka.

Mpishi alibisha hodi na chai, akaona nyuso zao, akarudi nayo.

"Kwa hiyo hakutua," Rupinder akasema mwishowe. "Hata moja."

"Hakutua."

"Na alikufa anajua ametua." Akavuta pumzi. "Nashukuru umeniambia. Huu mzigo nilikuwa nao peke yangu. Sasa ni wako, beba wewe. Acha hizo waya, ondoka tu, na usije tena hapa."

Wawira akatembea kwa miguu mpaka Shabab, mtaa alikopanga. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye plasta, koti la mzee begani bado, maana hakuwa na jingine.

"Umemwona huyo binti?" mama akauliza. "Nikipona kidogo nataka unipeleke. Nimsalimie, nimshukuru. Baba yake alinitoa mahali watu wangu mwenyewe walishindwa kunitoa."

"Anarudi kwake, mami."

"Pole yake." Mama akajipanga vizuri, plasta ikimsumbua. "Unajua, mikono ya yule mzee ilikuwa inatetemeka tangu tukitoka Molo. Mimi nilidhani ni baridi, kwa kuwa alinipa koti. Nikataka kulivua nimrudishie, akakataa. Na wewe si ulikuwa unaenda kwake kila wiki? Hukuona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza, mami."

Mama yake alimtazama, na Wawira akaona anavyoanza kuelewa, taratibu, kwa nini yeye, mama, yu hai na mzee hayupo. Kwa mkono wake mzima akaanza kulivua lile koti.