Gauni la Mama Edilsa

Itangazwe kwa wenye masikio, na kwa wanaojifanya hawasikii: baada ya miaka miwili ya utafiti, na watu mia na arobaini kuhojiwa mpaka wakakauka koo, elimu imethibitisha kwamba mhimili wa amani katika kijiji cha La Ceibita ni Edilsa Barragán, mwenye miaka sabini na mmoja na magoti mabovu, mkaanga mihogo wa kona ya kanisa.

Mwalimu Nicanor alipoonyeshwa picha ya utafiti huo na Yajaira, binti wa chuo kikuu aliyeufanya, alidhani kompyuta imeharibika. Yajaira alikuwa amemuuliza kila mtu swali moja: enzi za vita ukipatwa na shida, ulikuwa unampelekea nani habari? Kila jina akaliwekea nukta, kila jibu akalivutia mstari. Mistari ya watu wa mlimani wenye bunduki na ya watu wa bondeni wenye bunduki ilikuwa haikutani popote, ila kwenye nukta moja nene kama kitumbua, ya Edilsa. Padre alikuwa na mistari minne, mmoja wake wa mpishi wake.

"Padre ndiye aliyeniokoa," Nicanor alisema.

"Nani alikuambia, Mwalimu?"

Hakuna aliyemwambia. Miaka ishirini na miwili iliyopita watu wa mlimani walimfunga kwenye mti siku tatu, kwa kosa la kufundisha watoto wa askari hesabu. Siku ya tatu jioni wakamfungua: nenda, usigeuke nyuma. Kumbe asubuhi ile padre alikuwa amemsomea misa, basi Nicanor akajumlisha, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu. Tangu hapo kila Krismasi alimpelekea padre jogoo. Padre, mtu mnyenyekevu, hakuwahi kuuliza jogoo ni wa nini.

Yajaira akamsomea alichosimuliwa na mama yake kamanda wa mlimani. Asubuhi ileile, aliyepanda mlimani alikuwa Edilsa.

Alipitaje katikati ya bunduki? Kwa gauni. La Ceibita nzima ilikuwa na gauni moja tu la ubatizo lenye heshima, jeupe, lenye lesi aliyoishona bibi yake Edilsa, na desturi ya pale ni kwamba anayekuazima gauni ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wako. Hivyo alikuwa na watoto sitini na mmoja, wa kamanda na wa adui wa kamanda, wote wamelikojolea gauni lilelile. Nani angempiga risasi mama wa mwanawe?

Nicanor hakulala vizuri. Yule mama alikaangia mbele ya nyumba ya mwalimu, ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi kwa miaka yote hiyo mwalimu alinunua mihogo yake na kulalamikia chumvi. Alitaka kushukuru kabla mmoja wao hajafa, na kwa magoti yale na moyo mgonjwa wa mwalimu, siku zenyewe hazikuwa nyingi.

Kulipokucha akavaa shati la mazishi, akamkwapua jogoo wa Krismasi wa mwaka huu, akavuka barabara. Wateja wakampisha wakidhani kuna msiba. Hotuba aliyoiandaa ikamtoka kichwani yote. Akamwekea jogoo miguuni.

"Mama Edilsa. Ninaishi kwa sababu yako. Nisamehe, nimechelewa. Na chumvi... chumvi haikuwahi kuzidi."

Edilsa akageuza mihogo kwanza. Akamtazama jogoo, akamtazama mwalimu, ambaye machozi yake yalikuwa yamefika kwenye masharubu.

"Ilizidi, mwanangu, macho yangu hayaoni kijiko. Mimi nilipanda kule kufuata gauni langu. Walikaa nalo miezi mitatu, na Jumapili nilikuwa na ubatizo."

"Na mimi?"

"Wewe nilikukuta kwenye mti. Nikawaambia, maadamu nimeshapanda mlima wote ule, na huyo mwalimu mfungueni. Sogea basi, unanizibia wateja."