Yuko Njiani

Asubuhi ile nilikuwa nimeipindua baiskeli ya bwana shamba, magurudumu juu, kwenye kibanda changu cha ufundi pale Miyuji. Nilikuwa nabadilisha spoki huku nikiimba maneno mawili tu: "Yuko njiani." Ulikuwa wimbo wetu wa Kigogo wa utotoni. Jioni mifugo ikirudi, mjomba alipiga marimba, kile kibao chenye njiti za chuma. Wanawake waliita jina la kila aliyekuwa bado machungani, na sisi watoto tuliitikia, yuko njiani. Mistari ya wanawake ilikwisha kunitoka. Mwisho wake ndio kabisa, sikuwahi kuusikia, maana kila siku nilisinzia kabla ya ugali.

Bwana shamba alipokuja hakuuliza habari za spoki. Alisema redio imetangaza vita, Kagera imevamiwa. Mimi nilikuwa mgambo. Haukupita muda mrefu nikawa mbali kaskazini, kwenye nchi ya migomba na mvua, nimevaa kombati ya mtu mnene kuniliko.

Huko ndiko nilikokutana na Ndahani. Tulikuwa tunachimba handaki, nami bila kufikiri nikaimba kile kipande changu. Sepetu ya jirani ikasimama.

"Wewe wa wapi?" akauliza.

"Miyuji."

"Mimi kwetu Chemba. Hebu itikia."

Akaita. Jamani, aliita! Mstari mzima, jina la mchungaji, dume lake jekundu, na tabia yake ya kupitia pombeni kabla ya kurudi nyumbani. Vinyweleo vilinisimama. Niliitikia kwa nguvu mpaka koplo akatufokea kwamba adui naye ana masikio.

Ndani ya wiki mbili tulikuwa tumetengeneza marimba. Ubao ulitoka kwenye sanduku la risasi, njiti nilizipondaponda mimi kutoka kwenye spoki za baiskeli iliyotupwa. Lakini haikuvuma. Marimba ya kwetu lazima ivume, na siri yake ni utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu la ubao. Basi tukawasaka buibui. Hebu fikiria askari wawili wenye bunduki wakitambaa kwenye ukuta uliobomoka, wanabembeleza buibui! "Wagogo hawa wanaroga," wenzetu wakasema, na wengine wakahamisha blanketi zao. Tulicheka mpaka machozi. Utando uliposhika, Ndahani akagusa njiti moja, nayo ikavuma. Nilipiga yowe. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka saba.

Alinifundisha mistari yote.

"Na mwisho?" nikamuuliza.

Akajikuna kichwa. "Mwisho bwana, mimi nilikuwa nasinzia."

"Hata wewe?"

"Mama anaujua. Tukirudi twende tukamuulize."

Asubuhi moja tukaambiwa tuvuke bonde. Mkoba wa Ndahani ulikuwa umejaa, akanipa marimba niibebe.

Kulikuwa na ukungu. Yeye alikuwa mbele yangu, hatua kumi.

Kombora la kwanza lilipita juu.

La pili halikupita.

Nilipoinua kichwa niliona shimo, na kando yake kiatu. Nilikijua kwa kamba yake ya katani.

Mchana tulipojikusanya upande wa pili, koplo akaita majina.

"Ndahani."

Akarudia kwa nguvu.

"Ndahani!"

Mdomo wangu ukasema, "Yuko njiani."

Sikudhamiria. Yalikuwa mazoea ya utotoni, jina likiitwa na mwenyewe hayupo. Koplo akaandika, akaendelea na wengine. Ningeweza kumrudia nikamwambia nilichokiona, lakini sikuweza kulitamka jambo lile. Kwa siku tatu Ndahani alihesabiwa kuwa amechelewa, na hakuna aliyetumwa kumfuata. Nilipopata ulimi wa kusema ukweli, bonde lilikuwa limepigwa upya, na hapakuwa na cha kuzika.

Nilirudi Dodoma mzima. Chemba sikwenda. Marimba niliitia kwenye gunia, nikajiambia barabara mbaya, mvua nyingi, kazi zimenibana. Uongo mtupu. Niliogopa macho ya mama yake.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mji ukajaa mitumba, redio za kila rangi, na kaseti kila kona. Siku moja nilikuwa nasukuma baiskeli ya mteja nyuma ya soko, nikipita duka la Karim, Mhindi aliyekuwa akinakili kaseti. Nikasikia mvumo. Baiskeli niliiacha ianguke yenyewe.

"Karim! Nini hicho?"

"Ngoma za kienyeji, fundi. Kuna mtu karekodi huko vijijini. Taratibu basi, utanivunjia meza!"

Nilikuwa naitikia kwa sauti mbele ya wateja. Mstari baada ya mstari, yote yale ya Ndahani, na mingine ambayo hata yeye hakuijua! Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia Karim wa watu. Sasa mwisho unakuja. Tukainamia redio wote wawili. Redio ikasema tak. Kaseti ilikuwa imeisha.

"Geuza! Geuza upesi!"

Upande wa pili ulikuwa na kwaya.

Karim alinipa pole kama mtu aliyefiwa, lakini mimi sikuwa na majonzi. Nilikuwa nimewaka. Bila ile furaha nisingethubutu kamwe. Kesho yake nilipanda lori la Chemba, marimba mapajani, moyo unadunda kama wa bwana harusi.

Nilipofika, muuza maandazi alinielekeza. "Mama Ndahani? Yule hafungi zizi. Fisi wamemmalizia mbuzi, na haambiliki."

Nilimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Yona, wa Miyuji."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na jibu nililompa koplo. Nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Aliichukua marimba, akaigeuza, akagusa tundu ambalo utando wake ulikuwa umekauka na kupukutika.

"Alikuwa anasinzia," akasema.

"Hata mimi, mama."

"Ndiyo maana hamkuujua. Mwisho wenyewe mfupi. Aliyefika akiitwa, anaitika mwenyewe, nimefika. Wakitimia wote tunafunga lango la zizi. Mmoja akiwa bado, halifungwi."

Hapo nikaelewa habari ya fisi.

Jua lilikuwa linazama. Mbuzi wake wanne waliosalia wakaingia zizini. Akanirudishia marimba. "Piga."

Nikapiga. Bila utando haikuvuma. Aliniita mimi kwanza.

"Nimefika," nikasema.

Kisha akamwita mwanawe, kwa mstari ambao sikuwahi kuusikia, wa mtoto mwenye miguu mirefu anayelala na njaa kwa usingizi. Akanitazama.

Jibu langu la zamani lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza.

"Hatafika, mama."

 Halafu akainuka, akashika tawi kubwa la miiba, nami nikashika upande wa pili, tukafunga lango.