Kisu cha Mama wa Perege

Mama wa perege wa sokoni Singida hamkati samaki kabla mteja hajamtazama samaki huyo machoni. Zamani mtoto alijifunza kuchambua miiba kabla ya kujifunza kusoma. Wateja wa leo wanataka mnofu mtupu, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Asipopata kisu cha umeme, meza yake atapewa mwingine. Alipokwenda duka la vifaa vya umeme, muuzaji alimwonyesha viwili, akisifia rangi. Yeye akatoa perege kikapuni na kumlaza juu ya kaunta.

“Mama, shikamoo, lakini hapa si buchani!”

“Marahaba, mwanangu. Mke huchaguliwa kwa picha? Washa.”

Kwanza alijipaka utelezi wa samaki viganjani, kwa kuwa ndivyo mikono yake inavyokuwa kazini. Kisu chekundu, kile kilichosifiwa zaidi, kikamponyoka. Cheusi kikatulia mkononi. Akakipitisha mgongoni mwa perege polepole, na mnofu ukaachia mzima, mfupa ukabaki mweupe pee. Wateja wengine wakasogea kutazama.

“Nikufungie hiki, mama?”

“Nifungie. Na mnofu huo mpelekee mkeo, umwambie umekatwa na nani.”