Cheche Iliyowaka Kabla ya Udongo

Mama mdogo wangu husaga mawe ya dhahabu Masara, na zebaki, sumu ya kunasia dhahabu, huishika kwa mikono mitupu kama chumvi. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanda osuga, ile mboga chungu tunayoipenda, na swali lake kwangu lilikuwa moja: wajukuu wale au wasile? Nikabeba udongo wa bustani hadi maabara ya chuo, Homa Bay, nilikosomea plazma.

Plazma si uchawi. Mwale wa leza ukikusanywa mahali padogo sana, kilichopo hapo, hata hewa yenyewe, huwaka cheche nyeupe; hiyo ndiyo plazma. Mwanzoni weupe huo hufunika kila kitu. Ukisubiri, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, cheche hupoa na kila elementi huonyesha rangi yake. Nilisubiri inavyotakiwa. Zebaki sikuiona, nikampigia simu kumwambia wale tu.

Siku tatu baadaye nilizitazama tena grafu za rangi zile. Nitrojeni na oksijeni, basi. Vumbi la udongo mkavu lilikuwa limeruka, leza ikalikuta njiani, cheche ikawaka juu kabla leza haijafika kwenye udongo. Nilikuwa nimepima hewa! Msomi mzima.

Nilimpigia papo hapo. "Mama, simamisha hizo mboga. Nilikosea."

Nilipomweleza habari ya vumbi alicheka kwa hasira. "Nyathina, mtoto wangu, hata sisi kabla ya kuchekecha tunanyunyizia maji. Hiyo kitu hukuona?"

Nilikuwa nimeiona tangu utotoni.

Basi nikaulowesha udongo, nikaushindilia kwenye kifuniko cha soda, nikaukausha ukawa mgumu kama sabuni. Safari hii sikukubali kudanganywa, hata na cheche yenyewe, maana ganda lake la nje lililopoa humeza mwanga unaotoka kwenye kiini, na kitu kingi kikaonekana kidogo. Nilipiga leza mara hamsini, hata alama hafifu nikaihesabu. Zebaki ilikuwepo kila mara.

Nilikwenda Masara mwenyewe. Alinisikiliza ameshika kiuno.

"Walikula mara ngapi?" niliuliza.

"Mbili. Si ni wewe ulisema wakule?"

"Ni mimi," nilisema.

Aliinama akaanza kung'oa tuta la kwanza, nami nikashika la pili.